Mabomba Ishirini na Mawili

Mliniomba niandike karatasi ya makabidhiano, ukurasa mmoja, wenye orodha ya nywila na funguo za makabati. Nywila mmeshapewa. Funguo ziko kwa mlinzi, isipokuwa ya kabati la tatu, ambalo halijawahi kufungika tangu niajiriwe, kwa hiyo msiutafute ufunguo wake. Haya mengine nimeyaandika kwa sababu nimekaa nyumbani Kiwanjani wiki tatu tangu niache kazi nikiyawaza mambo ambayo yasingeenea kwenye ule ukurasa mmoja.

Sitasema nilipandishwa cheo lini wala nililipwa kiasi gani. La kwanza liko kwenye faili langu, na la pili mlilijua kila mlipotazama viatu vyangu. Nitasema kazi yenyewe.

Siku ya kwanza nilishuka kutoka Meru nikiwa na sweta ya sufu, kwa sababu mama alisema ofisini huwa kuna baridi. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimeivua na kuikalia. Masijala ya idara ya maji ilikuwa chumba cha dirisha moja na makabati manne ya chuma, na humo ndimo mlimokaa mafaili ya visima vyote virefu vya upande wetu, vile vya kuchimbwa kwa mashine na kuvutwa maji kwa pampu. Kila kisima kilikuwa na faili lake: kina chake, aina ya pampu, pampu imening'inizwa kwa mabomba mangapi, jenereta gani inaiendesha, nani alikwenda kutengeneza nini.

Kabla ya saa sita aliingia mzee mrefu mwenye mafuta ya injini mpaka kwenye viwiko, akaomba faili la kisima cha Korbesa. Huyo alikuwa Mzee Guyo, fundi mkuu wa pampu, Mborana wa Merti, upande huo huo wa Korbesa. Nililitafuta faili mpaka jasho likaniingia machoni. Yeye akawa amesimama mlangoni ananitajia kwa kichwa kila kilichomo ndani: kina, mabomba, mpaka boliti iliyovunjika mwaka uliopita. Nilikereka. Nikamuuliza kama anajua yote, ya nini kunisumbua.

"Kichwa yangu iko na ile ya mwaka jana," akasema. "Nataka kujua kama kuna mtu alienda huko juzi."

Nilipolipata faili, kweli kulikuwa na mtu aliyekwenda juzi. Guyo alisoma ukurasa ule mmoja, akashukuru, akaondoka na alama za vidole vyake zimebaki kwenye jalada. Zingalipo.

Mwezi wa pili alinichukua kwenye lori mpaka Korbesa. Alisema karani asiyewahi kuona pampu ikitolewa ataandika upuuzi, na atauandika kwa mwandiko mzuri. Nikaona. Pampu iko chini kabisa, na mabomba ya chuma yameunganishwa moja juu ya jingine mpaka mdomoni mwa kisima. Winchi inavuta mzigo wote juu kwa urefu wa bomba moja, kibano cha chuma kinafungwa chini ya kiungo kushikilia yaliyobaki, bomba la juu linafunguliwa na kuwekwa kando, kisha mnaanza tena. Alinipa spana nikafungua kiungo kimoja, na mikono ikaniuma siku mbili.

Pale ndipo aliponieleza kwa nini idadi ya mabomba ndiyo namba ya kwanza kwenye faili. Kibano huchaguliwa kulingana na uzito. Ukidhani mabomba ni machache kumbe ni mengi, utakuja na kibano kidogo, kitateleza, na mzigo wote utatumbukia: mabomba, kebo na pampu. Mara nyingi hautoki tena. Kisima kimekufa, na watu waliokuwa wakikitegemea wanahama na wanyama wao. Aliniambia hayo bila kupandisha sauti, huku akijipangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

Jioni ya siku hiyo, kwenye visima vya zamani vya kuchimbwa kwa mkono, alinionyesha jinsi Waborana wanavyopanga maji. Kuna mtu anaitwa aba herega, msimamizi wa zamu za kunywesha. Yeye ndiye anayejua leo ni mifugo ya nani na kesho ni ya nani. Wanyama wakinywa, wanaweza kunywa wengi kwenye mabirika yao waliyopangiwa. Lakini siku kisima kinaposafishwa au kutengenezwa, hakuna mnyama anayekaribia, hata wa aba herega mwenyewe. Ama wengi wanywe, ama mmoja atengeneze. Niliona ni utaratibu mzuri nikausahau kwa miaka mingi.

Kompyuta zilipokuja, tuliletewa mfumo wa jedwali moja kubwa lenye safu wima hamsini na kitu. Aliyelitengeneza alikuwa mtu mwema ambaye nadhani alifikiri visima vyote vimezaliwa na mama mmoja. Kisima kimoja kina jenereta na sola, kingine kina pampu ya mkono, kingine kimebadilishiwa pampu mara tatu na kila pampu ina hadithi yake. Nusu ya visanduku vilikaa vitupu, na mambo ya maana yote tukayasukuma kwenye safu ya mwisho iliyoitwa Mengineyo. Kwa miaka kadhaa idara ya maji iliendeshwa kwa Mengineyo.

Nilijifunza kuandika programu nikiwa na zaidi ya miaka arobaini, kwenye kozi za Jumamosi, nikikaa na watoto ambao wangeweza kuwa wanangu na ambao waliniita "mathee" mpaka nilipowapita kwenye mtihani. Nilipita lugha mbili tatu za kuandikia programu kabla ya kufika ile iitwayo Rust. Niliichagua kwa sababu ya mashine zetu. Ile ya ofisini ilikuwa kuukuu, na laptopu ya kwenye lori ilikuwa na betri ya dakika ishirini na vumbi la Merti ndani ya kila tundu. Programu zangu za awali zilikuwa zikila kumbukumbu ya mashine mpaka inaganda katikati ya kazi. Watu wa Rust walidai ya kwao hutumia kidogo na haianguki ovyo. Nikasema tutaona.

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa adhabu. Kompaila, ambayo ndiyo inayokagua ulichoandika kabla ya kukubali kukiendesha, ilikataa kila kitu. Ilikuwa ikiniambia kwamba kitu hiki umekiazima kule, huwezi kukibadilisha hapa. Nilitaka kuivunja ile mashine. Halafu siku moja, nikinywa chai, nikamkumbuka aba herega. Ama wengi wasome, ama mmoja aandike, na anapoandika yule mmoja hakuna mwingine anayekaribia. Nilicheka peke yangu mpaka mhudumu akachungulia kuona kama niko salama. Tangu siku ile sikugombana tena na kompaila. Vijana wanaokuja kwangu wakilia kwamba Rust ni ngumu huwa nawaambia waende wakachunge wiki moja.

Sasa mfumo wenyewe, ambao mmeurithi. Niliachana na jedwali. Nilichukua maktaba moja ya Rust iliyowekwa wazi mtandaoni, hifadhidata ambayo haijali safu wima. Unaipa ufunguo na kitu. Ufunguo ni namba ya kisima, na kitu ni kisima kizima kama kilivyo, na pampu zake zote na historia yake yote, kikubwa au kidogo. Ukiupeleka ufunguo, unarudishiwa kitu chako. Ni kama yale magunia ya miraa sokoni yenye jina la mwenyewe: hakuna anayeuliza ndani kuna vifungu vingapi, mradi jina ni lako. Kwenye diski, kila kisima kikawa faili lake dogo, jambo lililonipendeza sana mimi mtu wa masijala.

Shida ilikuwa diski ya ile mashine, ambayo ilikuwa ikisoma polepole huku ikikwaruza. Kwa hiyo nikawasha sehemu ya maktaba inayoitwa kache. Kisima ukishakisoma mara moja kutoka kwenye diski, nakala yake inabaki kwenye kumbukumbu ya mashine, na ukikiomba tena unapewa ile ya karibu bila kwenda chini. Ripoti iliyokuwa ikichukua muda wa kwenda kununua mandazi na kurudi sasa ilitoka kabla sijavuta kiti. Wakubwa walikuja kuangalia. Mmoja aliniuliza kama nimenunua kompyuta mpya, nami nikamjibu hapana, nimenunua akili mpya. Nilijivuna, sikatai, na sijutii kujivuna.

Kutoka mashambani habari zilikuja kwa njia yetu ya kawaida. Mtandao ukishapita mji kidogo hauna uhakika, kwa hiyo mafundi waliandika kazi yao kwenye laptopu ya lori, na dereva akaleta flashi kila Ijumaa baada ya swala. Niliandika programu ya pili, ndogo, ya kupokea flashi: inachukua visima vilivyobadilika na kuviandika moja kwa moja kwenye diski. Ilifanya kazi vizuri miaka miwili. Nataka mkumbuke hiyo miaka miwili, kwa sababu niliitumia kama ushahidi kwamba mimi najua ninachofanya.

Halafu tukawekewa sola juu ya paa, na betri kubwa kwenye chumba cha nyuma. Kabla ya hapo stima ilikuwa ikipotea karibu kila siku, na kila ilipopotea mashine ilizima, na kuiwasha ilikuwa kazi ya kuomba Mungu. Siku sola ilipowashwa tulinunua soda. Nikabandika karatasi kwenye kompyuta, USIZIME, kwa herufi kubwa nyekundu, na wiki zikapita inanguruma bila kuzimwa hata mara moja. Nilikuwa nikiwaonyesha wageni.

Ukame ulikuja mrefu mwaka ule. Asubuhi moja Mama Talaso, mwenyekiti wa kamati ya maji ya Kulamawe, alipiga simu kwamba pampu yao imenyamaza. Wengi wenu mnamjua: mwanamke mfupi, mfanyabiashara wa duka, ambaye hajawahi kuniambia jambo mara mbili. Alisema mifugo imeshaanza kufika kutoka mbali kwa sababu visima vidogo vya upande ule vimekauka, na shule imebakiwa na tangi nusu. Fundi aliyepewa kazi alikuwa Halima. Nilimpokea ofisini akiwa ndio kwanza ametoka chuo, nikamfundisha kuandika ripoti, na yeye akanifundisha kunyamaza wakati mtu anapima volti. Nilimchapia karatasi ya kisima cha Kulamawe. Mabomba kumi na sita. Akapakia kibano cha kati, kebo ya kutosha kina hicho, pampu ya akiba, akaondoka na vijana wake.

Kabla ya adhuhuri akanipigia akiwa juu ya lori, mahali pekee palipokuwa na mtandao. Alianza kwa salaam, kama kawaida yake, lakini ya haraka. Alisema wametoa mabomba mawili tu, na mzigo ni mzito kuliko inavyotakiwa. Winchi inalia. Kibano kimeteleza kwa upana wa vidole vinne, wamekiwahi kwa vipande vya chuma na kuufunga mzigo kwa mnyororo kwenye lori. Akataka kujua afanye nini, kwa sababu kulikuwa na mambo mawili tu. Kama mabomba ni kumi na sita kweli, basi mchanga umeishika pampu huko chini, na dawa yake ni kuvuta kwa nguvu zaidi. Kama mabomba ni mengi kuliko hayo, kuvuta kwa kibano kile ni kuua kisima.

Niliiuliza mashine. Ikajibu kabla sijaondoa kidole: kumi na sita.

Nikamwambia ni mchanga, avute.

Nilisikia ng'ombe nyuma yake, wengi sana, ile sauti yao ya kuomba. Nikarudia kwamba kompyuta inasema kumi na sita, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba alisifiwa na wakubwa.

"Madam, mimi niko na bomba kwa mkono," akasema Halima. "Wewe uko na nini?"

Nitawaambia ukweli wangu wote. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni hasira. Nilikuwa na jibu tayari, jibu la kumkumbusha nani alimfundisha nani. Sijui ni nini kilichonizuia kulitoa. Labda ni wale ng'ombe. Nilimwambia asiguse kitu, anipe dakika tano, asikate simu.

Nilikuwa na nini? Nilikuwa na nakala. Niliacha programu yangu nzuri, nikaingia kwenye diski kwa mkono, nikatafuta lile faili dogo la Kulamawe na kulifungua kama lilivyo. Mabomba ishirini na mawili. Timu nyingine, ambayo fundi wake alikuwa ameshahamishiwa kaunti nyingine, ilikuwa imeteremsha pampu miezi miwili nyuma kwa sababu maji yalishuka, na ikaweka pampu kubwa zaidi. Waliandika kila kitu sawasawa. Dereva alileta flashi Ijumaa. Programu ya pili ikaandika kwenye diski. Na programu ya kwanza, iliyokuwa imesoma Kulamawe kabla ya hapo na haijazimwa tangu hapo, ikaendelea kunipa ile nakala yake ya karibu bila kujua kwamba huko chini kumebadilika.

Mnaona kosa lilipokuwa. Miaka ile miwili haikuwa ushahidi wa akili yangu. Stima kupotea ndiko kulikokuwa kunaniokoa. Kila ilipopotea, mashine ilisahau, na ilipowaka ilisoma diski upya. Siku tulipokunywa soda ndiyo siku kosa langu lilipoanza kufanya kazi. Na visima vilivyoathirika zaidi vilikuwa vile tunavyoviulizia mara kwa mara, kwa sababu ndivyo vilivyokaa kwenye kache, na tunaviulizia mara kwa mara kwa sababu ndivyo vyenye watu wengi. Kompaila haikuwa na la kusema. Yenyewe inalinda zamu ndani ya programu moja, na mimi nilikuwa nimetengeneza mlango wa nyuma ambao aba herega haoni nani anaingia.

Hayo yote niliyapanga kichwani baadaye. Wakati ule nilishika simu tu.

"Usivute," nikasema. "Ni ishirini na mawili. Kosa ni langu, si la mashine."

Halima akasema sawa. Nikamsikia akiwaambia vijana wake, kwa Kiborana, jambo fupi, na winchi ikanyamaza.

Niliomba gari la pili. Tulipakia kibano kikubwa, kebo ndefu na pampu ya saizi ile, nami nikapanda mbele karibu na dereva. Mkuu wangu wa wakati huo aliniuliza karani anaenda kufanya nini kisimani. Nilimjibu naenda kusimama pale, na kwa bahati hakuwa mtu wa kuuliza mara ya pili. Njia nzima nilikuwa nikiuona ule mnyororo. Sijawahi kuogopa kitu cha chuma namna ile. Mwanangu alipokuwa hospitalini niliogopa hivyo, na si mara nyingine.

Tulipofika jua lilikuwa limeinama kidogo. Mzigo ulikuwa bado umening'inia, na Halima alikuwa amekaa chini kando ya mdomo wa kisima, kiganja juu ya bomba, kama mtu anayempima mgonjwa homa. Hakuwa amekula. Upande wa pili, mbali kidogo, walikaa wanyama, makundi kwa makundi, kila kundi na mwenyewe, na mzee mmoja akitembea kati yao na fimbo kuhakikisha hakuna anayesogea. Maji hayakuwepo lakini zamu ilikuwepo. Hilo lilinichoma kuliko kama wangenipigia kelele.

Mama Talaso alinijia. Nilimsalimia, nikamweleza mbele ya wanakamati wake kwamba mafundi hawakukosea, karatasi waliyopewa ilikuwa ya zamani, na mwenye karatasi ni mimi. Sikutaja kache. Kuna wakati wa kufundisha, na wakati mwingine mtu anataka tu kujua ni nani aliyekosea.

"Sasa hiyo mashine yako imejua?" akauliza.

Nikasema imejua.

"Na wewe?"

Nikasema na mimi. Akaniangalia kidogo, kisha akaenda kuwaletea mafundi chai.

Kibano kikubwa kilifungwa juu ya kile cha kati, mzigo ukahamishwa polepole, na kile cha kati kilipolegezwa nilijikuta nimeushika mkono wa dereva. Walitoa bomba moja baada ya jingine mpaka giza likakaribia, wakaendelea asubuhi. Nilihesabu kwa sauti, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoiweza. Jumla ilikuwa ishirini na mawili. Pampu ilikuwa imeungua, ikabadilishwa, yote yakarudishwa chini. Alasiri ya siku ya pili jenereta ikawashwa, bomba likakohoa hewa, likatema matope, halafu maji. Yule mzee mwenye fimbo hakuharakisha. Alielekeza kwanza mitungi ya shule, kisha ndama, kisha akaita kundi la kwanza. Nililia waziwazi, na hakuna aliyenishangaa, kwa sababu kila mtu alikuwa akiangalia maji.

Niliporudi, kabla ya kuoga nilizima kompyuta na kuibandua ile karatasi nyekundu. Wiki iliyofuata niliivunja programu ya pili. Tangu siku ile flashi hupokelewa na programu ile ile moja, nayo huandika kwenye diski kwanza, ikishahakikisha imeandika ndipo inabadilisha nakala ya kwenye kache. Ikishindwa kuandika, inaitupa nakala na kusema wazi kwamba haijui. Kila karatasi inayochapwa ina tarehe ya mara ya mwisho kisima kilipoandikwa na jina la fundi aliyeandika. Kisha niliiacha mashine ikiwaka mwezi mzima makusudi, nikiingiza mabadiliko ya uongo kwenye kisima cha uongo na kuangalia kama itanidanganya. Haikunidanganya. Msije mkaiondoa hiyo tarehe kwa sababu inaharibu sura ya ukurasa. Najua kuna mmoja wenu ameshaiangalia kwa jicho baya.

Ninaionea fahari kazi ile, na kosa likiwemo. Mfumo umeshahamishwa mashine mbili, umepokea visima vipya vya namna ambayo sikuwahi kuifikiria, na haujapoteza hata kimoja. Lakini mfumo kufanya kazi ni jambo moja, na mtu kuuamini ni jingine.

Halima hakuwahi kunilaumu. Aliendelea kuja, aliendelea kunisalimia, alipokea karatasi zangu kwa mikono miwili. Halafu anaikunja karatasi, anaiweka mfukoni, na kumpigia simu mtu wa kijijini aende akamuulize yule fundi wa mwisho, au anapakia vibano vyote vitatu hata kama lori linalemewa. Zaidi ya mwaka alifanya hivyo. Sikuwa na haki ya kumzuia. Nilichapa karatasi, nikahakikisha ni sahihi, nikamkabidhi, nikamwangalia akipakia chuma asichokihitaji.

Kisha ikaja asubuhi moja ya kawaida, kisima cha Korbesa, pampu imepungua nguvu. Nilimchapia karatasi. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaangalia tarehe na jina chini yake, akageuka na kumwambia kijana wake apakie kibano kikubwa, hicho kimoja, vile vingine aviache. Hakumpigia mtu simu. Akanitakia kazi njema, akapanda lori, wakaondoka.

Nikarudi ndani nikafunga mlango. Halafu nikachapa ile karatasi mara ya pili nikaenda nayo nyumbani. Ipo Kiwanjani, kwenye droo ya kitanda, pamoja na cheti changu cha ndoa.